Deni la Bodi ya Mikopo na mshahara wa mhandisi: hesabu inakaaje?

DadaMkubwa_Moro

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa hesabu. Moyo tunao tayari. Mdogo wangu ana stashahada ya ujenzi aliyomaliza miaka miwili iliyopita, ana miaka 25, na sasa yuko kwa mkandarasi kama fundi sanifu. Mshahara wa msingi ni sh 550,000, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) anakatwa. Amepata udahili wa shahada ya uhandisi ujenzi, miaka minne. Akienda lazima aache kazi na asome kwa mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu Tanzania.

Baba anasema deni la Bodi litamfuata mpaka uzeeni. Mama anasema mhandisi ni mhandisi, aende. Mimi ndiye nitakayebanwa mambo yakiharibika, kwa hiyo nataka kujua: deni litafika kiasi gani na litaisha lini? Hiyo shahada itarudisha gharama yake baada ya muda gani? Na Bodi wakimpa nusu ya ada tu, tukope benki au tuuze kiwanja?

Hesabu_Kwanza

Dada, tuanze na deni lenyewe, maana watu wengi wanalitaja bila kulikokotoa.

Mkopo wa HESLB una vifungu. Chakula na malazi (boom) ni sh 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Mafunzo kwa vitendo ni 10,000 kwa siku, hadi siku 56. Halafu kuna ada na mahitaji maalumu ya kitivo, ambavyo vinategemea chuo na kiwango atakachopangiwa. Nachukua siku 240 za masomo kwa mwaka, ada 1,500,000, mahitaji ya kitivo 200,000, na mafunzo kwa vitendo mara tatu. Weka namba za chuo chake mahali pa zangu.

Boom miaka minne: 9,600,000
Ada: 6,000,000
Mafunzo kwa vitendo: 1,680,000
Vitabu: 800,000
Kitivo: 800,000
Jumla: 18,880,000

Marejesho kwa aliyeajiriwa ni 15% ya mshahara wa msingi. Akianza kazi ya uhandisi kwa msingi wa 900,000 atakatwa 135,000 kwa mwezi, deni litaisha kwa miezi 140, yaani miaka 11 na miezi 8. Kwa msingi wa 1,200,000 ni 180,000 kwa mwezi, miezi 105. Kwa 600,000 ni 90,000 kwa mwezi, na hapo ni miaka 17 na nusu. Baba hajakosea sana kwenye muda.

Anapokosea ni kwenye uzito. Ile tozo ya 6% kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya deni lipande huku mtu akikatwa, Rais Samia alitangaza kuiondoa Mei Mosi 2021, na ikaacha kutozwa kuanzia Julai mwaka huo. Adhabu ya 10% kwa waliochelewa kuanza kulipa nayo iliondolewa mwaka huohuo. Kwa hiyo leo 135,000 inayokatwa inapunguza deni kwa 135,000. Bei za vitu zinapanda kila mwaka na deni limesimama palepale, maana yake shilingi atakayolipa mwaka wa kumi ni nyepesi kuliko aliyokopa. Sijui taasisi ya fedha mtaani itakayowapa masharti hayo.

Sasa tazama mkononi. Msingi 900,000, sekta binafsi: NSSF 10% ni 90,000. Kinachotozwa kodi ni 810,000, PAYE (kodi ya mshahara) yake ni 80,500. Bodi 135,000. Anabaki na 594,500. Bila Bodi angebaki na 729,500. Kumbuka 15% inakokotolewa kwenye msingi kabla ya kodi, kwa hiyo kwenye pesa inayofika mkononi inauma kama 18% na nusu. Bajeti ya kodi ya nyumba ipangwe kwa 594,500.

Fidia, yaani muda wa shahada kurudisha gharama yake: kama fundi sanifu wa 550,000, akitoa NSSF 55,000 na PAYE 18,000 anabaki na 477,000. Miezi 48 bila mshahara huo ni 22,896,000. Ongeza deni 18,880,000, unapata 41,776,000. Tofauti ya mhandisi wa 900,000 na fundi sanifu wa 550,000 ni 252,500 kwa mwezi, kabla ya kumkata Bodi. Gawanya: karibu miezi 166.

Mizani_Sawa

Hesabu ya mkuu hapo juu ni nzuri mpaka aya ya mwisho. Pale chakula kimehesabiwa mara mbili. Hata akibaki fundi sanifu atakula na kupanga chumba, na pesa hiyo itatoka kwenye ile 477,000. Akiwa chuoni, chakula kinatoka kwenye boom. Ukijumlisha mshahara wote uliopotea na boom yote, umemlisha mtu mmoja mara mbili.

Kinachotakiwa ni mshahara aliouacha pamoja na gharama ambazo asingekuwa nazo kama asingesoma: ada 6,000,000, vitabu 800,000, kitivo 800,000. Hiyo ni 7,600,000. Jumla 30,496,000. Ukigawa kwa 252,500 unapata miezi 121, miaka kumi na mwezi mmoja tangu aanze kazi. Akianza kwa 1,200,000, mkononi ni 928,000 bila Bodi, tofauti ni 451,000, na fidia inafika kwa miezi 68.

Ila namba iliyo kubwa kuliko zote mezani kwenu mnaipita bila kuitazama: muda wa kukaa bila kazi baada ya kuhitimu. Kila mwezi anaosubiri ajira unaongeza 477,000 kwenye gharama. Mwaka mmoja ni 5,724,000, karibu sawa na ada ya miaka minne yote. Kwa mshahara wa 900,000 fidia inasogea kutoka miezi 121 hadi 144. Nusu ya ada mnayoiwazia kuuza kiwanja ni 3,000,000. Miezi saba ya kuzunguka na bahasha inaimeza.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mdogo wako liwe hili: mkandarasi wake wa sasa yuko tayari kumpokea likizo kwa mafunzo ya vitendo na kumrudisha akimaliza? Kama ndiyo, apate barua. Barua hiyo ina thamani kuliko punguzo lolote la ada.

Mkandarasi_DarajaV

Naongezea upande wa kazi, maana mnazungumza kana kwamba mhandisi ana mshahara mmoja maisha yake yote.

Akihitimu haitwi mhandisi mtaalamu. Anasajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) kama mhandisi mhitimu, anapita mafunzo ya SEAP, ya kazini kwa wahandisi wahitimu, ambayo kwa kawaida ni miaka mitatu chini ya msimamizi aliyesajiliwa, anajaza kitabu chake cha kazi, anaandika ripoti, anasailiwa, ndipo anapata usajili wa mhandisi mtaalamu. Mshahara unaruka hapo. Sababu ni ya kisheria na ya zabuni: CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) haimsajili mkandarasi wa ujenzi kwenye daraja la juu bila mtaalamu mwenye sifa, na mwenye zabuni anaomba majina na namba za usajili za wahandisi wa mradi. Kampuni inamlipa kwa sababu namba yake inaifungulia mlango. Mhitimu asiye na namba hiyo anashindana na fundi sanifu mzoefu, na mara nyingi fundi sanifu anashinda kwa sababu anajua kusoma michoro na kusimamia zege bila kufundishwa.

Tuseme miaka mitatu ya kwanza ni 900,000, halafu akisajiliwa 1,800,000. Kwa 1,800,000: NSSF 180,000, PAYE 314,000, mkononi 1,306,000 kabla ya Bodi. Kwa gharama ya Mizani ya 30,496,000: miezi 36 ya kwanza inarudisha 9,090,000. Iliyobaki 21,406,000 inagawanywa kwa tofauti ya 829,000, miezi 26. Jumla miezi 62. Asipofuatilia usajili anabaki kwenye miezi 121.

Wanapokwama ni hapa: mhitimu anaajiriwa sehemu isiyo na mhandisi mtaalamu wa kumsimamia, anafanya kazi miaka minne, na muda wote huo hauhesabiki kwa sababu hakuna wa kusaini. Aulize kwenye usaili nani atamsaini, na namba ya usajili ya huyo mtu.

Na kabla ya yote, athibitishe kwamba hiyo programu aliyopata inatambuliwa na ERB. Chuo kuwa na ithibati ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) hakutoshi kumpeleka kwenye usajili wa uhandisi. Kuna shahada zenye jina la teknolojia ambazo zinaishia kwenye kundi jingine la usajili. Aandike ERB au aende ofisini na jina kamili la programu kama lilivyo kwenye barua ya udahili.

Makato_Halali

Kuhusu sifa za mkopo wenyewe, kuna jambo linaloweza kuua mpango mzima. Mwongozo wa HESLB unataka mwombaji asiwe na kipato cha ajira au mkataba rasmi. Mdogo wako anachangiwa NSSF, yaani yuko kwenye kumbukumbu. Asijaze fomu huku akiendelea kukatwa michango kisha atangaze hana kipato. Asome mwongozo wa mwaka huo, apange tarehe ya kuacha kazi kwa maandishi, na abaki na nakala ya barua ya kuacha. Masharti mengine anayapita: umri usiozidi 35, na stashahada iliyohitimiwa ndani ya miaka mitano. Akiahirisha sana huo wa miaka mitano utampita.

Maombi ni kwa njia ya mtandao, kwenye mfumo wa Bodi uitwao OLAMS. Yanayorudisha maombi mengi nyuma ni vyeti ambavyo havijahakikiwa RITA (wakala wa vyeti vya kuzaliwa na vifo), majina yanayotofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, sahihi ya serikali ya mtaa kukosekana, na mdhamini asiye na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). RITA ianze mapema kabla dirisha halijafunguliwa, kwa sababu foleni yake ndiyo inayomaliza muda.

Akipangiwa, boom haiji yenyewe, lazima asaini kila awamu. Na akidisko, yaani akiondolewa chuo kwa kufeli, deni la muda aliosoma linabaki lote. Uhandisi mwaka wa kwanza unachuja kwa hesabu na mekanika. Mtu aliyetoka stashahada mara nyingi ni mzuri kwenye vitendo na mzito kwenye kalkulasi. Miezi mitatu ya kurudia hesabu kabla ya chuo kufunguliwa ni bima ya bei nafuu. Mwaka wa kurudia mpange kuulipia wenyewe, msitegemee mkopo.

Baada ya kuajiriwa: mwajiri anatakiwa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28 kwamba ameajiri mnufaika, na kuwasilisha makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Wapo waajiri wanaokata kwenye slipu na hawapeleki. Dawa ni kuingia kwenye akaunti yake ya Bodi kila robo mwaka, kulinganisha slipu na taarifa ya deni, na kudai wakati ushahidi bado uko mkononi. Aangalie kwamba malipo yanaingia kwa namba sahihi ya mtihani wa kidato cha nne, maana hiyo ndiyo inayomtambulisha. Asiyepata ajira rasmi naye hana msamaha: muda wa kusubiri ni miezi 24 tangu amalize, halafu aliyejiajiri analipa si chini ya 100,000 kwa mwezi au 10% ya kipato chake kinachotozwa kodi. Anaomba namba ya malipo na kulipa benki au kwa simu.

Jambo dogo kwenye mkataba wa kazi: 15% ni ya mshahara wa msingi. Mwajiri akiandika msingi 600,000 na posho 300,000, Bodi itakata 90,000 badala ya 135,000. Mkononi kunanona, deni linakaa miaka 17 na nusu. Kwa kuwa halina riba sioni ubaya, lakini ajue.

Riba_Mbili

Swali la benki. Ada iliyobaki ni 3,000,000 kwa miaka minne, yaani 750,000 kwa mwaka. Msikope yote siku ya kwanza. Kopeni au changeni ya mwaka husika, kwa sababu hamjui kama mwaka wa pili atapangiwa zaidi.

Mkilazimika kukopa, swali la kwanza benki ni riba inakokotolewa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wa awali mpaka mwisho. Mfano wa 6,000,000 kwa 17%, miezi 36. Kwa salio linalopungua rejesho ni kama 213,900 kwa mwezi, jumla takriban 7,701,000. Kwa riba isiyopungua ni 251,667 kwa mwezi, jumla 9,060,000. Asilimia ni ileile 17 kwenye bango, tofauti ni zaidi ya 1,350,000. Ongeza ada ya kushughulikia mkopo na bima, omba jumla ya marejesho kwa maandishi kabla ya kusaini. Mikopo ya simu na ya mitaani kwa ajili ya ada msiiguse kabisa.

Kiwanja nisingekiuza kwa 3,000,000 ya kulipwa ndani ya miaka minne. Huyu kijana ana mshahara leo. Akiweka 150,000 kwa mwezi kwa miezi kumi kabla ya kuondoka, miaka miwili ya pengo la ada imeshalipwa. Muda wa udahili ukimbana, nusu yake bado inasaidia.

Na akishaanza kazi na kuwa na deni la benki pamoja na la Bodi, nguvu yote ya ziada iende benki. Kulikimbiza deni lisilo na riba huku lenye 17% linakaa ni kujiumiza. Ajue pia kwamba makato ya Bodi yanapunguza uwezo wa kukopa kwa kanuni ya theluthi, kwamba theluthi ya mshahara isiguswe na makato: kwa 900,000, lazima 300,000 ibaki. NSSF, PAYE na Bodi zimeshachukua 305,500, kwa hiyo benki inabaki na nafasi ya 294,500 tu kwa mwezi.

Mwangaza254

Kwa wasomaji walio Kenya, msichukue hitimisho la hapa mkalibeba lilivyo. HELB, bodi ya mikopo ya huku, ina riba ya 4% kwa mwaka, muda wa kusubiri ni mwaka mmoja, na faini ya asiyelipa ni sh 5,000 za Kenya kila mwezi. Deni la 400,000 linazaa 16,000 kwa mwaka. Ukilipa 1,500 kwa mwezi umelipa 18,000, deni limepungua kwa takriban 2,000 tu. Ukilipa 5,000 kwa mwezi unamaliza kwa miezi 94, jumla kama 466,000. Uhandisi kwetu ni miaka mitano, kwa hiyo mshahara unaouacha ni wa miezi 60. Na programu itazamwe kama inatambuliwa na EBK (bodi ya wahandisi ya Kenya) kabla ya kulipa hata shilingi ya kwanza.

DadaMkubwa_Moro

Mungu awabariki, nimeandika zote daftarini. Kuna jipya: jana mkandarasi wake amesikia anataka kuondoka, amemwambia atampandisha hadi 750,000 akibaki. Hii inabadilisha?

Mizani_Sawa

Inabadilisha sana, dada. Kwa 750,000: NSSF 75,000, PAYE 51,000, mkononi 624,000. Miezi 48 ni 29,952,000, ongeza 7,600,000, gharama ya kwenda chuo inakuwa 37,552,000. Tofauti na mhandisi wa 900,000 inashuka hadi 105,500. Kwa mshahara huo pekee fidia ni miezi 356. Hapo asiende.

Kwa njia ya Mkandarasi_DarajaV, miaka mitatu kwa 900,000 halafu 1,800,000 baada ya usajili: miezi 36 inarudisha 3,798,000, zinabaki 33,754,000, tofauti mpya ni 682,000, miezi 50. Jumla miezi 86, miaka saba na miezi miwili. Kwa mtu atakayehitimu na miaka 29 bado inafaa, lakini sasa faida yote imesimama juu ya usajili wa ERB. Bila huo usajili hakuna hesabu.

Mkandarasi_DarajaV

Na hiyo ofa ipimwe kwa maandishi. Je, 750,000 ni msingi au ni msingi na posho ya saiti? Ni mkataba wa mradi mmoja au wa kudumu? Mradi ukikabidhiwa miezi minane ijayo na mkataba ukaisha, mnafananisha shahada na mshahara ambao haupo. Kama ni wa mradi, akubali, aweke ile 150,000 kwa mwezi, aombe chuo kuahirisha udahili kwa mwaka mmoja iwapo utaratibu wao unaruhusu, na ahakikishe haivuki ile miaka mitano ya stashahada. Kama ni wa kudumu, amwombe mkandarasi jambo tofauti na nyongeza: barua ya kumpokea kila likizo kwa mafunzo ya vitendo na kumweka chini ya mhandisi aliyesajiliwa akihitimu. Akikataa kuandika hiyo barua na hataki kuandika 750,000 kama msingi, mmeshajua ofa ina uzito gani.

Makato_Halali

Akiamua kubaki mwaka huu, apeleke vyeti RITA sasa hivi hata hivyo, na ERB ajisajili kwenye kundi la mafundi sanifu kama bado.